Kupanga Programu na Upimaji wa Vifaa kwa Jaribio la Fizikia: Mwongozo Kamili

Ratiba nyingi za majaribio ya fizikia huvunjikia mahali pamoja: pale vifaa vinapokutana na programu. Anayejenga kigunduzi hukipima kwa osiloskopu, chombo kinachochora umbo la ishara ya umeme, na kuridhika. Anayeandika programu huilisha data aliyoitunga mwenyewe, naye huridhika. Vitu hivyo viwili huunganishwa kwa mara ya kwanza siku chache kabla ya kuanza kukusanya data, na hapo ndipo kila mmoja anapogundua kwamba mwenzake alikuwa na picha nyingine kabisa kichwani.

Mwongozo huu una msimamo mmoja. Programu ya jaribio ni sehemu ya chombo cha kupimia. Kwa hiyo hupangwa, hupimwa na kufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na thamani inayojulikana, sambamba na vifaa tangu wiki ya kwanza.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia jaribio moja mpaka mwisho: kupima wastani wa maisha ya muoni, chembe zinazofanana na elektroni lakini nzito zaidi, zitokanazo na miale ya kosmiki, yaani chembe zinazotoka anga za mbali. Muoni ikisimama ndani ya sintileta, ile plastiki inayotoa mmweko wa mwanga chembe inapopita, tunapata mmweko wa kwanza. Ikioza, yaani ikigeuka kuwa chembe nyingine, elektroni inayotoka hutoa mmweko wa pili. Muda kati ya mimweko hiyo miwili ndio data yetu. Thamani ya muoni iliyo huru inajulikana: mikrosekunde 2.197. Vifaa ni vichache: bamba la sintileta, fotomaltiplaya inayogeuza mwanga kuwa mpigo wa umeme, amplifaya, kilinganishi kinachoamua kama mpigo umevuka kizingiti, bodi ya kupima muda, na kompyuta. Jaribio lako laweza kuwa la leza, la sumaku au la joto; vifaa vitabadilika lakini mpangilio wa kazi hautabadilika sana.

Hatua ya 1: Geuza swali la fizikia kuwa namba

Kabla ya kuagiza kifaa chochote au kuandika mstari wa msimbo, jaza ukurasa mmoja wa namba. Ukurasa huu ndio utakaoamua ugomvi wote utakaofuata, kwa hiyo usiukimbilie.

Anza na usahihi. Tuseme unataka matokeo yenye kosa la 1%. Kosa la kitakwimu la wastani wa maisha ni takriban 1 kugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya matukio, hivyo unahitaji muoni 10,000 zilizooza ndani ya bamba. Ukipata moja kwa dakika, ni 1,440 kwa siku, na utahitaji siku 7 mfululizo. Hesabu hii fupi tayari imemwambia mwandishi wa programu jambo kubwa: programu yake lazima iendeshe wiki nzima, usiku na mchana, bila mtu kuishikia mkono.

Sasa kelele. Usawa wa bahari, karibu muoni 1 hupita kila dakika katika kila sentimita mraba ya bamba lililolazwa. Bamba la sentimita 30 kwa 30 litapitiwa na muoni 900 kwa dakika, yaani 15 kwa sekunde. Nyingi hupita moja kwa moja, lakini kila moja hufungua dirisha la kusubiri mmweko wa pili. Dirisha likiwa la mikrosekunde 20, sadfa za uongo, ambapo mpigo wa pili hauhusiani na wa kwanza, zitakuwa 15 × 15 × 0.00002 = 0.0045 kwa sekunde, karibu 390 kwa siku. Zinavumilika, kwa sababu husambaa sawasawa katika dirisha lote na unaweza kuziondoa kwenye hesabu. Lakini acha kelele za umeme zifikishe kasi ya mipigo kuwa 1,000 kwa sekunde. Sadfa zinakuwa 20 kwa sekunde, zaidi ya milioni 1.7 kwa siku, na muoni zako 1,440 zimezama. Kwenye kasi ya 30 kwa sekunde sadfa zinakaribia kulingana na muoni za kweli. Hapo weka mpaka, uuandike: *kasi ya jumla isizidi mipigo 30 kwa sekunde.* Anayepima kigunduzi sasa ana shabaha inayotokana na fizikia, wala si hisia kwamba "kelele zimepungua".

Namba nyingine hazihitaji mjadala mrefu. Kwa maisha ya mikrosekunde 2.2, saa yenye hatua za nanosekunde 20 inatosha kabisa. Kompyuta ya kawaida haiwezi kazi hiyo, maana mfumo wake endeshi huweza kuiahirisha programu kwa milisekunde nzima. Muda lazima upimwe ndani ya bodi, kwa chipu ya FPGA, ambayo saketi zake hupangwa na mtumiaji, au kihesabio cha maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja. Ukubwa wa data: rekodi ya baiti 16 kwa kila tukio, mara 15 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 21 kwa siku, kitu kidogo. Ukitaka kuhifadhi umbo zima la kila mpigo, sampuli 1,000 za baiti 2 kila moja, unafika gigabaiti 2.6 kwa siku. Si nyingi kwa diski ya leo, lakini inabadilisha uchaguzi wa bodi na waya. Amua sasa.

Hatua ya 2: Andikeni mkataba wa kila kiungo

Chora mnyororo wote: sintileta, fotomaltiplaya, amplifaya, kilinganishi, bodi, kompyuta, faili, uchambuzi. Kila mahali mstari unapounganisha visanduku viwili, andika kinachopita hapo. Upande wa umeme: mpigo ni chanya au hasi, una urefu gani wa volti, unadumu nanosekunde ngapi, kebo ni ya omu ngapi. Upande wa data: rekodi ina sehemu zipi, kila sehemu ni ya biti ngapi, baiti ipi inatangulia, namba ina kizio gani.

Vizio viingie kwenye majina yenyewe. Jina `muda` halisemi chochote, `muda_ns` linajieleza. Usitegemee kumbukumbu ya mtu.

Sehemu ya mkataba inayosahaulika zaidi ni hali mbaya. Bodi itafanya nini kompyuta ikichelewa kusoma? Itatupa matukio ya zamani au mapya? Itasema kwamba imetupa? Kwa maoni yangu hili la mwisho ni la lazima: bodi inayopoteza matukio kimya kimya ni mbaya kuliko bodi iliyokufa, kwa sababu iliyokufa utaigundua. Weka kwenye kila rekodi namba ya mfuatano inayoongezeka kwa 1. Pengo kwenye mfuatano likionekana, msomaji anajua kuna kilichopotea, na anajua ni kiasi gani.

Weka pia utaratibu wa saa kujaa. Kihesabio cha biti 32 kinachopiga kila nanosekunde 20 hurudi sifuri kila baada ya sekunde 86 hivi. Kile kinachohesabu milisekunde hurudi sifuri baada ya siku 49.7, muda ambao hakuna atakayekaa mezani kuusubiri. Dawa ni rahisi: mkataba uruhusu kihesabio kuanzishwa na thamani yoyote, ili wakati wa kupima ukianzishe karibu na kilele na uone kinavyovuka ndani ya sekunde chache.

Mkataba huu uwe kurasa mbili au tatu, uhifadhiwe pamoja na msimbo, na usibadilishwe bila pande zote mbili kukubali.

Hatua ya 3: Jenga mnyororo mwembamba kwanza

Ndani ya wiki mbili za mwanzo, hakikisha kitu fulani kinapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kigunduzi bado hakijafika? Jenereta ya mipigo ichukue nafasi yake. Bodi ya mwisho haijaundwa? Tumia maikrokontrola yoyote iliyo karibu; hata yenye saa ya megahezi 16 hutoa hatua za nanosekunde 62.5. Programu ya kusoma iwe mistari hamsini inayomwaga namba kwenye faili la maandishi, na uchambuzi uwe histogramu moja isiyo na urembo, yaani grafu ya visanduku vinavyohesabu matukio ya kila kipande cha muda.

Mnyororo huu utakuwa mbaya kutazama, na wenye tabia ya kupenda kazi safi wataona haya kuuonyesha. Waonyeshe hivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo kila kipande kipya kinachukua nafasi ya kipande cha zamani ndani ya mnyororo unaofanya kazi, na kikiuvunja unajua cha kulaumu. Mipango ambayo huacha "kuunganisha" kuwa kazi ya mwisho huwa imeficha kazi kubwa kuliko zote nyuma ya neno moja.

Hatua ya 4: Programu kwa tabaka, na kiigizi cha kifaa

Gawa programu katika tabaka tano zisizoingiliana: ile iliyo ndani ya bodi, msomaji, mhifadhi, mfuatiliaji na mchambuzi. Kazi ya msomaji na mhifadhi ni moja tu, kuchukua data ghafi na kuiweka salama kwenye diski. Wasichuje, wasisawazishe, wasikokotoe wastani. Kishawishi cha kutupa matukio "mabovu" mapema ni kikubwa, lakini leo bado hujui ubovu ni nini. Data ghafi ikishaandikwa isiguswe tena. Uchambuzi wowote utoe faili jipya.

Kila faili lianze na kichwa cha habari chenye toleo la msimbo, toleo la programu ya ndani ya bodi, namba ya bodi, volti ya fotomaltiplaya, kizingiti, tarehe na saa. Programu ijaze yenyewe. Ukimwachia mtu ajaze kwa mkono, ifikapo siku ya tatu atanakili vya jana. Msimbo wote ukae kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, na msomaji akatae kuanza mkusanyo rasmi kama kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa humo.

Kisha andika kiigizi: programu ndogo inayojifanya kuwa bodi, inayozungumza kwa mkataba uleule. Kiigizi kinawaruhusu waandishi wa programu kuendelea wakati vifaa viko njiani au mezani kwa fundi. Lakini thamani yake halisi iko kwenye utovu wake wa adabu. Kifundishe kukata rekodi katikati, kurudia rekodi, kuruka namba ya mfuatano, kunyamaza dakika kumi, kisha kumwaga matukio elfu moja kwa mkupuo. Kila tabia mbaya utakayokutana nayo kwenye bodi ya kweli, irudishe ndani ya kiigizi ili isikurudie bila kugunduliwa.

Mchambuzi anahitaji mtihani wa aina yake. Tengeneza data ya kuigiza yenye jibu unalolijua, lakini jibu hilo lisiwe 2.2. Weka 3.5, kisha 1.4. Programu inayorudisha 2.2 hata pale ulipoweka 3.5 ina kitu kilichofungiwa ndani yake, labda thamani ya kuanzia ambayo haisogei, na usingeigundua kamwe kwa kuilisha jibu sahihi. Mpe pia data isiyo na muoni hata moja, sadfa tupu: anatakiwa aseme hakuna ishara, asikubunie maisha ya chembe isiyokuwepo.

Baadaye rudia uigaji mara mia kadhaa, kila mara na matukio mapya ya bahati nasibu. Ikiwa programu inadai kosa la 1%, takriban 68% ya majibu yaangukie ndani ya 1% ya thamani uliyoweka. Yakiwa machache kuliko hapo, programu inajisifu. Mtihani huu hufichua makosa ambayo jicho haliyaoni kwenye grafu. Mojawapo ni kulinganisha mkunjo kwa njia ya miraba midogo kabisa, inayopunguza jumla ya miraba ya tofauti kati ya mkunjo na data, wakati visanduku vya mwisho vya histogramu vina matukio mawili matatu tu. Mkunjo unaonekana mzuri, lakini jibu limeegemea upande mmoja. Njia ya uwezekano wa juu zaidi, inayotafuta thamani ambayo ingeifanya data uliyoipata iwe na uwezekano mkubwa kuliko zote, hutatua hilo.

Hatua ya 5: Pima vifaa kutoka kipande hadi mnyororo

Kanuni ya hatua hii: kigezo cha kufaulu kiandikwe kabla ya kipimo kufanyika. Ukipima kwanza ndipo uamue kama namba inatosha, itatosha tu.

Bodi mpya haiwashwi mara moja. Itazame kwa kioo cha kukuzia, tafuta lehemu iliyovuka kati ya miguu miwili, pima kwa multimita kama njia ya umeme imegusana na njia ya ardhi. Washa kwa chanzo chenye kikomo cha mkondo, ukiwa umekiweka juu kidogo tu ya mkondo unaotarajiwa. Kama kuna kosa, chanzo kitajizuia badala ya chipu kutoa moshi.

Fotomaltiplaya hutumia volti 1,000 hivi, wakati mwingine zaidi. Hakuna anayeshika viunganishi vyake ikiwa imewashwa, na hata baada ya kuzima, kapasita hubaki na chaji kwa muda. Subiri, kisha pima ndipo uguse. Bomba lenyewe nalo lina udhaifu: likipata mwanga wa chumba huku volti iko juu laweza kuharibika. Funika kwanza, washa baadaye.

Baada ya hapo, giza. Pima kasi ya mipigo taa za chumba zikiwa zimewashwa, kisha zikiwa zimezimwa. Tofauti yoyote iliyo wazi inamaanisha mwanga unavuja, mara nyingi pale kebo inapoingilia. Pitisha tochi taratibu kuzunguka kifuniko huku mwenzako akitazama kihesabio, volti ikiwa imeshushwa kwa usalama wa bomba.

Fuata kizingiti. Kipandishe hatua kwa hatua na kwa kila hatua hesabu mipigo kwa dakika kadhaa. Mwanzoni kasi huporomoka haraka, maana unakata kelele. Kisha mkunjo hulala karibu tambarare. Kisha hushuka tena unapoanza kukata muoni zenyewe. Kizingiti kikae kwenye tambarare, ambapo mabadiliko madogo ya joto au volti hayabadilishi hesabu. Ikiwa tambarare haipo kabisa, usichague namba ya katikati na kusonga mbele. Rudi kwenye mwanga unaoingia kwenye bomba, pengine gundi au mafuta ya kuunganishia sintileta hayajashika vizuri.

Kebo zinastahili dakika zao. Ishara husafiri ndani ya kebo kwa takriban nanosekunde 5 kwa mita. Kebo ya omu 50 isiyomalizwa kwa omu 50 hurudisha mwangwi. Kwa kebo ya mita 10, mwangwi wa kwenda na kurudi hufika nanosekunde 100 baadaye, ukiwa umevaa sura ya mpigo wa pili. Katika jaribio letu, mpigo wa pili ndio data.

Hapo ndipo tunafika kwenye kipimo ambacho nakiona muhimu kuliko vyote katika jaribio hili. Ndani ya fotomaltiplaya hubaki molekuli chache za gesi. Mpigo mkubwa huzigeuza ioni, yaani chembe zenye chaji, ioni husafiri kurudi kwenye katodi, sehemu ya bomba inayopokea mwanga, na kutoa mpigo mwingine baada ya mamia ya nanosekunde hadi mikrosekunde kadhaa. Huo ni muda uleule wa maisha ya muoni! Hakuna programu itakayotenganisha mipigo hiyo na ya kweli kwa kuangalia muda peke yake. Kwa hiyo tumia taa ya LED inayomweka mara moja kwa nanosekunde chache, yenye mwanga unaokaribiana na wa muoni, na uache mfumo mzima ukusanye kwa saa nzima. Hakuna kinachooza ndani ya LED. Mipigo ya pili inayozidi sadfa ulizotarajia ni ya bomba, na unapata umbo lake na uwiano wake kwa kila mmweko. Ikizidi kigezo ulichoandika, badilisha bomba, punguza volti, au pandisha kizingiti cha mpigo wa pili.

Maliza na mipigo miwili ya jenereta yenye umbali unaojulikana: mikrosekunde 1, 2, 5, 10. Chora muda uliopimwa dhidi ya muda uliotumwa. Mwinuko wa mstari ni ugezi wa saa yako. Halafu sogeza mipigo karibu zaidi mpaka wa pili usionekane. Umbali huo ni muda wa upofu wa mfumo, na uchambuzi uanze baada yake.

Vipi kama kifaa cha kupimia ndicho chenye kasoro? Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo kilichosuguliwa kwa umahiri mkubwa katika umbo lisilo sahihi, kingo zikiwa zimepungua kwa takriban mikromita 2.2, kwa sababu chombo cha kukipimia kilikuwa na lenzi iliyowekwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vipimo vingine viwili visivyo sahihi sana vilionyesha kuwa kuna kosa, vikapuuzwa kwa kuwa chombo kikuu kiliaminiwa zaidi. Kwa hiyo kila kipimo muhimu kipate njia ya pili, hata kama ni duni: muda wa jenereta uhakikiwe kwa osiloskopu, volti ya bodi kwa multimita. Njia duni ikipingana na njia bora, simamisha kazi.

Hatua ya 6: Pima mnyororo mzima, kisha uusumbue

Sasa unganisha kila kitu katika hali ileile ya mkusanyo rasmi: kebo zilezile, kompyuta ileile, chumba kilekile. Ukibadilisha kebo moja, umebadilisha chombo. Mnamo Septemba 2011 wanasayansi wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba neutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, zilizotoka CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, zilifika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba kiunganishi cha kebo ya nyuzi za mwanga iliyobeba ishara ya GPS hakikuwa kimekaza sawasawa, na saa moja nayo haikuwa ikipiga kwa kasi sahihi. Kukagua viunganishi kwa mkono, kimoja kimoja na kwa orodha, ni kazi ya kuchosha. Iweke kwenye ratiba kama kazi kamili yenye jina la mtu.

Mfumo ukiwa unakimbia, usumbue kwa makusudi. Chomoa waya wa USB na uurudishe. Jaza diski. Kata umeme wa kompyuta, kisha wa bodi, kisha vyote. Sogeza saa ya kompyuta mbele kwa saa moja. Kila tukio liwe na matokeo yaliyoandikwa awali: data iliyopotea isizidi dakika ngapi, faili lililokatika lisomeke, na mtu apate taarifa. Ni bora mambo haya yatokee ukiwa umekaa mbele ya skrini kuliko usiku wa nne wa mkusanyo.

Halafu uache. Wiki nzima, kwa kuwa mkusanyo nao ni wa wiki nzima. Katika kipindi hiki takwimu zenyewe ndizo mkaguzi. Kwa wastani wa mipigo 900 kwa dakika, mtawanyiko wa hesabu za dakika kwa dakika uwe karibu 30, yaani kipeuo cha pili cha 900. Ukiwa mkubwa zaidi, kuna kelele zinazokuja kwa vipindi. Tafuta mashine inayowaka na kuzimika jirani. Ukiwa mdogo kuliko 30, usifurahie utulivu huo. Matukio ya bahati nasibu hayatulii hivyo, na yaelekea mfumo umejaa na unahesabu kwa kasi yake mwenyewe.

Rekodi joto na shinikizo la hewa pamoja na data. Kasi ya muoni hushuka kidogo shinikizo linapopanda, takriban sehemu 1 hadi 2 kwa elfu kwa kila hektopaskali. Ukiweza kuuona uhusiano huo kwenye data yako ya wiki, una ushahidi mzuri kwamba unachohesabu ni muoni.

Hatua ya 7: Ratiba

Nimeiweka karibu na mwisho kwa makusudi, ingawa kwenye karatasi utaiandika mapema, kwa sababu haina maana mpaka ujue kazi zenyewe. Kwa jaribio la ukubwa huu na watu watatu, wiki 12 zinagawanyika hivi:

- Wiki ya 1 na 2: namba, mkataba, kuagiza vifaa, mnyororo mwembamba.
- Wiki ya 3 hadi 6: kiigizi na tabaka za programu upande mmoja, vipande vya vifaa upande mwingine.
- Wiki ya 7 na 8: kizingiti, LED, mipigo miwili, yote kupitia programu halisi.
- Wiki ya 9 na 10: usumbufu na wiki ya kuacha mfumo ukimbie.
- Wiki ya 11 na 12: mkusanyo rasmi na uchambuzi.

Mambo mawili huvuruga ratiba hii kuliko mengine. La kwanza ni vifaa vinavyochelewa, kwa hiyo agiza kile chenye safari ndefu zaidi siku ya kwanza, na uagize viwili. La pili ni mwezi mzima wa wiki ya 3 hadi 6, ambapo pande mbili huanza kusahauliana. Kila wiki, siku maalumu, unganisha kilichopo na upitishe mipigo ya jenereta hadi kwenye histogramu. Iwe ni saa moja tu, lakini isiahirishwe.

Vipimo vya programu viendeshwe na mashine kila usiku, dhidi ya kiigizi na dhidi ya faili chache za data halisi zilizohifadhiwa kama kielelezo. Histogramu ya leo ikitofautiana na ya jana kwa faili lilelile, mabadiliko ya jana yana maswali ya kujibu.

Hatua ya 8: Funga milango, kisha kusanya

Siku moja kabla ya mkusanyo, simamisha mabadiliko yote. Toleo la msimbo lipewe jina, kizingiti na volti viandikwe, kebo zifungwe alama. Hitilafu ikionekana katikati, andika kwenye daftari; kama haizuii mkusanyo, iache hadi mwisho.

Ficha jibu. Mtu mmoja achague namba ya siri, programu ya uchambuzi iiongeze kwenye kila tokeo la wastani wa maisha, na kikundi kifanye maamuzi yote ya kuchuja na kukata bila kuiona thamani halisi. Kwenye jaribio hili kuficha kuna sababu ya ziada. Karibu nusu ya muoni zinazotua kwenye bamba ni hasi, na muoni hasi hunaswa na viini vya kaboni iliyo ndani ya plastiki, hivyo maisha yake humo ni mafupi zaidi, takriban mikrosekunde 2.03. Mchanganyiko unaotarajiwa ni karibu 2.1. Kikundi kinachorekebisha vichujio mpaka kipate 2.197 kamili kitakuwa kimejitengenezea kosa kwa mikono yake.

Namba ya siri ifunuliwe baada ya uchambuzi kukamilika na makosa yote kukadiriwa kwa maandishi. Hifadhi kwa pamoja data ghafi, msimbo wa toleo hilo, mkataba, matokeo ya vipimo vya vifaa na daftari, katika nakala mbili zilizo kwenye diski tofauti. Kisha mpe mtu ambaye hakushiriki, aanze na data ghafi na maelekezo yaliyoandikwa tu, aone kama atafika kwenye jibu lilelile.